Fedha Hazina Miguu



Lugha yetu ya Kiswahili ina huruma nyingi kwa mtu mwenye kosa. Mwanafunzi akichelewa kuamka husema, "Usingizi ulinichukua." Akikosa gari, "Basi liliniacha." Akiangusha sahani, "Sahani imevunjika." Akianguka mtihani, "Hesabu zilinishinda." Usingizi, basi, sahani na hesabu ndio watendaji, yeye maskini alikuwa amesimama tu. Nami nimesema hivyo miaka yote bila kufikiri, mpaka maneno ya namna hii yakamfukuza mtu kazini.

Kwetu ni Kabeza, hapa Kigali, upande wa Kanombe, ambako ndege hupita juu ya mabati yetu zikishuka uwanjani. Mama ana duka dogo la unga, mafuta na sabuni. Siku moja ya likizo ndefu ya mwaka jana alinipa faranga 38,000 nimpelekee mwenye ghala tunakonunua mchele, kisha yeye akaenda dukani. Njiani niliwakuta vijana wa mtaa wakicheza mpira, na timu moja imepungukiwa mtu. Nikavua koti, nikaliweka chini liwe mlingoti wa goli, na fedha zimo mfukoni. Tulicheza mpaka jua likazama. Nilipolivaa koti, mfuko ulikuwa mtupu.

Nilirudi nyumbani miguu ikitetemeka. Mama aliponiuliza nikasema, "Niliziweka mezani, nikaenda kuoga. Nilipotoka sikuziona. Nimezitafuta mchana kutwa." Angalieni, sikumtaja mtu. Lakini siku hiyo nyumbani alikuwapo mtu mmoja tu, mvulana wa miaka 16 kutoka Bugesera, aliyekuwa akituchotea maji na kufagia duka. Mama alimwuliza, akakana. Alimwuliza tena, akalia. Kesho yake alifunga nguo zake katika kitenge, akaondoka bila mshahara wa mwezi. Mimi nalikuwa nimesimama mlangoni, nikanyamaza.

Sasa nawaambieni jambo lililonishangaza kuliko yote. Baada ya juma moja nilianza kuamini uongo wangu. Nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiitazama meza. Nilikumbuka kwamba siku moja chenji aliyoleta ilipungua faranga mia. Nikamkasirikia kwa moyo wangu wote, kana kwamba ameniibia kweli. Kosa lilikuwa limehama ndani yangu, likaenda kukaa katika uso wa mwenzangu, na kila nilipomkumbuka nililiona pale. Wazee walisema kweli: nyani haoni kundule.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa Kiswahili alitupa insha juu ya likizo. Niliandika kwa ufasaha, nikitafuta huruma yake: "Katikati ya likizo, fedha za mama zilinipotea." Daftari liliporudi, sentensi hiyo ilikuwa imepigwa mstari kwa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa: "Fedha hazina miguu. Nani alizipoteza?" Mwalimu hakujua lolote. Alikuwa akisahihisha insha tu. Lakini usiku ule sikulala.

Nilikwenda maktaba kutafuta kama kuna watu wengine wenye ugonjwa huu, nikaona ni wengi. Mwaka 1936 Anna Freud, binti wa yule daktari wa Vienna, alitoa kitabu juu ya njia ambazo nafsi hujikinga nazo. Njia mojawapo ni hii: jambo ambalo mtu hawezi kulivumilia ndani yake hulitoa nje, akaliona kwa mwingine. Mwaka 1966 Mmarekani Julian Rotter aliandika kwamba kuna watu waaminio kuwa yawapatayo yanatokana na matendo yao wenyewe, na wengine waaminio kuwa yanatokana na bahati au na wakubwa wenye nguvu. Nikajiuliza mimi ni wa kundi gani. Nikaona kwamba nikifaulu ni wa kundi la kwanza, na nikishindwa ni wa kundi la pili!

Nchi yetu ilijifunza jambo hili kwa gharama ambayo siwezi kuilinganisha na kosa la koti. Tangu Julai 1993 redio RTLM iliwaambia wasikilizaji wake kwamba adui yao, na asili ya taabu zao, ni jirani yao Mtutsi. Mwaka 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, watu zaidi ya milioni moja waliuawa, kwa hesabu ya serikali. Baadaye wengi walioulizwa walijibu kwamba waliamriwa, au kwamba shetani aliwaingia. Kwanza waliitupa shida yao juu ya jirani. Kisha wakakitupa kitendo chao juu ya mkubwa na shetani. Ndiyo maana mahakama za gacaca, zilizofanya kazi nchi nzima toka 2005 mpaka Juni 2012 na kusikiliza kesi karibu milioni 2, zilimtaka anayeungama aeleze mbele ya watu alilofanya, alifanya na nani, kisha aombe msamaha. Aliyeungama hivyo aliweza kupunguziwa adhabu.

Jumapili ya wageni mama alipokuja shuleni, nilimwambia yote. Alikaa kimya sana. Kisha akasema, "Mwanangu, yule nilimwuliza mara mbili. Wewe sikukuuliza hata mara moja."

Likizo ilipofika tulipanda basi, tukavuka mto Nyabarongo, tukafika kwao karibu na Nyamata. Bibi yake alitupa benchi. Mama alitoa mshahara aliomnyima, akaomba radhi. Kisha ikawa zamu yangu. Nilitaka kuanza na vijana wa mpira, na koti, na giza. Nikayameza hayo, nikasema, "Mimi ndiye niliyezipoteza fedha. Nilisema uongo, nikanyamaza ulipofukuzwa. Nisamehe, ndugu yangu."

Akanitazama. "Kaka," akasema, "hapa kijijini nimeitwa mwizi miezi mitatu. Waambie na wao."

Basi nikatoka uani, majirani wakaitwa, nikarudia maneno yale yale mbele yao wote. Sijapata kusema maneno mazito kama hayo. Mvulana alipokea mshahara wake, lakini hakukubali kurudi kwetu, wala simlaumu. Faranga 38,000 namlipa mama kidogo kidogo, kwa kubeba magunia kila likizo.

Sisemi kwamba kila baya limpatalo mtu ni kosa lake. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi yetu. Atakayemwambia aliyepoteza nyumba kwamba ajilaumu ni mjinga, tena ni mkatili. Mvua ina sehemu yake, na mwingine ana sehemu yake. Nasema tu kwamba kabla ya kuzigawa sehemu hizo, mtu aitafute kwanza ya kwake.

Nami nimejiwekea kipimo kidogo, nanyi jaribuni. Ukisikia ulimi wako unasema "imevunjika", "liliniacha", "zilinipotea", simama kidogo. Isahihishe sentensi kama mwalimu mwenye wino mwekundu: nimevunja, nimechelewa, nimepoteza. Ikiwa sentensi mpya ni ya kweli, basi hiyo ndiyo uiseme, na uiseme mapema, kabla mtu mwingine hajafunga nguo zake.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita,
Kabeza, Kigali