Buti la porini halichaguliwi kwa macho

Wadau, wiki ijayo naondoka hapa Nkende kwenda wilaya ya Serengeti. Nitatembea siku tatu na askari wa wanyamapori wa vijiji, kwenye eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Kalamu ninayo, daftari ninalo. Kilichoninyima usingizi ni kiatu.

Nikaenda kwa baba mdogo. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kufuata nyayo za wanyama, akiwatangulia wageni waliokuja kuwinda. Nisieleweke vibaya, nazungumzia uwindaji wa vibali. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hakuna kuwinda, na nje yake Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai leseni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mura, mguu wako unaujua?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaniambia kiatu kinunuliwe jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Kinachokutosha asubuhi kitakubana saa kumi. Kijaribu ukiwa na soksi ileile nene utakayovaa porini. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Halafu tafuta mteremko, ushuke. Vidole vikigonga mbele, rudisha hicho kiatu, maana porini kucha zitageuka nyeusi na kung'oka. Kisigino nacho kisipande na kushuka, malengelenge huanzia hapo.

Nikamuuliza kuhusu soli. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukinyeshewa hunata kama ugali mbichi. Meno ya soli yakibanana yatajaa tope, utabeba shamba zima miguuni. Yawe makubwa na yaachane. Soli iliyoshonwa ni bora kuliko ya gundi tupu, kwa kuwa hata ikiachia, fundi wa pale stendi anaishona tena.

Sasa tuje kwenye mitumba, ambako wengi wetu ndiko tunakonunua, iwe Tarime mjini au Sirari mpakani. Kuna mabuti ya Ulaya yanang'aa kama mapya, lakini soli zake ni za ile plastiki ya povu, nyepesi na laini. Povu hilo huliwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Siku ukikivaa, soli inamomonyoka kama mkate mkavu, nawe uko kilomita kumi kutoka barabarani. Kabla hujatoa hela, kunja soli, ibonyeze kwa ukucha. Ukiona nyufa au unga, mshukuru muuzaji uende zako.

Gambuti je? Ni nzuri kwa umande na tope, ila jua likipanda mguu unachemka, na kifundo hakishikwi. Katambuga ya tairi ni imara chini, mwiba wa mgunga hauitoboi kirahisi, lakini juu mguu uko wazi. Na nyoka hawangoji. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na sehemu kubwa ya waliogongwa hugongwa miguuni. Kifutu hakimbii ukimkaribia, hutulia palepale mpaka umkanyage. Ndiyo maana buti lipande juu ya kifundo, tena la ngozi.

Ngozi nayo ina masharti. Likilowa, usilianike karibu na moto, litapasuka. Lijaze magazeti, likae kivulini, kisha ulipake mafuta. Na usiende safari ndefu na buti jipya. Livae wiki mbili, nenda nalo sokoni na shambani.

Baada ya hapo nikamuuliza baba mdogo kwa nini aliacha kazi. Akanyamaza kidogo. Kampuni moja iliwahi kuwagawia mabuti, wote saizi 44. Yeye anavaa 41. Alijaza matambara mbele, siku ya tatu kucha mbili zikatoka. Akayafunga mabuti kiunoni, akaendelea na katambuga, akichechemea. Mwaka uliofuata hakuitwa. Alisikia tu kwamba anachelewesha wageni.

Mtu aliyeweza kukwambia nyati kapita saa ngapi, kazi imemponyoka kwa sababu ya saizi tatu!

Kwa hiyo nyie mnaonunulia watu viatu vya kazi, makampuni, jumuiya na halmashauri, naomba jambo dogo. Kabla ya kuagiza, pitisheni karatasi, kila askari na kila mfuata nyayo aandike namba yake. Mabuti ya ngozi yanatengenezwa hapahapa nchini, hata pale Karanga, Moshi, kwenye kiwanda cha ubia wa Magereza na PSSSF. Kupima mguu wa mtu ni dakika moja, na hakuna gharama.