Moyo Uliochoka Hauhitaji Kiboko

Mvuvi wa Kigwena akikutwa na dhoruba usiku katika Ziwa Tanganyika, moyo wake huenda mbio hata kabla hajalikamata kasia vizuri. Ndivyo ilivyo pia kwa askari asikiapo mlio wa risasi. Kazi hiyo hufanywa na adrenalini na nduguye noradrenalini, zitokazo katika tezi zilizo juu ya mafigo na katika ncha za mishipa ya fahamu. Hizo hushika vipokezi vya beta vilivyo juu ya seli za misuli ya moyo. Kalsiamu huingia ndani kwa wingi, na msuli hujikaza kwa nguvu zaidi. Dhoruba ikipita, amri hutenguliwa, moyo ukatulia.

Moyo uliodhoofika haupati utulivu huo. Damu isipofika viungoni sawasawa, mwili hudhani hatari ingalipo, ukazidi kutoa amri usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Seli nazo hujihami kwa kupunguza vipokezi vyao, mfano wa kuruti aliyekaripiwa mno hata hasikii tena. Mwaka 1982 Michael Bristow na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba mioyo iliyoshindwa kazi ilikuwa imepoteza karibu nusu ya vipokezi hivyo. Mwili hupaza sauti zaidi. Seli huchakaa, nyingine hufa.

Kumpa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kupunguza kasi ya moyo kulidhaniwa kuwa ni kummaliza. Hata hivyo, mwaka 1975, mjini Göteborg, Uswidi, Finn Waagstein na wenzake waliandika habari za wagonjwa 7 waliopewa dawa za kuzuia vipokezi vya beta wakapata nafuu. Wengi hawakusadiki. Ilipofika 1999, majaribio mawili makubwa yalionyesha kuwa dawa hizo hupunguza vifo kwa karibu theluthi moja.

Wagonjwa wenyewe si vikongwe. Uchunguzi wa nchi 9 za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, wa 2007 hadi 2010, ulikuta umri wa wastani ni miaka 52, na chanzo kikuu ni shinikizo la damu.

Taabu huanzia nyumbani. Askari mstaafu, aliyejivunia mbio zake kambini, huhisi mzito na mchovu majuma ya kwanza ya dawa. Huona amefanywa goigoi, akavificha vidonge chini ya godoro. Mkewe, kwa kumhurumia, hunyamaza. Huruma hiyo ni ya hatari, kwa maana dawa ikiachwa ghafla moyo hupigwa na kelele zote kwa mara moja. Daktari huanza na kipimo kidogo, uvimbe ukishapungua, kisha hukiongeza polepole, aghalabu kila baada ya majuma mawili. Mwenye pumu hana budi kusema mapema. Naye mama wa nyumbani apunguze chumvi chunguni, na mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi: ukipanda kwa kilo mbili katika siku tatu, ni maji yanayojaa mwilini, na safari ya zahanati isingoje siku ya soko.