Bi harusi, doti moja usiikate

Leo sisemi hina wala udi, nasema moto.

Tangu niolewe huku Temeke, naona nyumba zina nondo madirishani na vichochoro ambavyo gari la zimamoto halipiti. Namba yao ni 114, piga mapema. Lakini kabla hawajafika, ndani yumo mama mkwe asiyeweza kutembea, na mume yuko kazini. Utambeba? Mimi wangu simuwezi.

Zimamoto wenyewe mara nyingi hawabebi, wanaburuta. Wana mkanda mwembamba wa nailoni: unalazwa kifuani, ncha mbili zinapita chini ya makwapa na kutokea nyuma ya mabega. Wanazishika, wanainama, wanarudi kinyumenyume. Moshi hupanda juu. Hewa ya kupumua hubaki karibu na sakafu, ndiko aliko mgonjwa.

Doti ya kanga isiyokatwa ina urefu wa mita 3 hivi. Nililala sakafuni, wifi yangu akanipitishia hivyo hivyo, akazisokota ncha pamoja nyuma ya kichwa changu, akaniburuta toka chumbani mpaka barazani. Naye ni mwembamba kama ufagio!

Kitambaa kisipite shingoni. Na ukishatoka, usirudi ndani kufuata dhahabu wala sanduku la harusi.

Basi bi harusi, katika doti utakazotunzwa, moja iache nzima, itundike nyuma ya mlango wa mama. Na umfundishe na wifi yako.