Kwenye zebra ya Moshi, macho ndiyo taa

Mwaka 2017 jiji la Honolulu, Marekani, lilitunga sheria ya kumtoza faini, kuanzia dola 15, mtu anayevuka barabara huku akitazama simu. Miaka mitatu baadaye mji wa Yamato, Japani, ukakataza kutembea huku mtu ameinamia simu, ingawa haukuweka adhabu. Augsburg, Ujerumani, walikwenda mbali zaidi: mwaka 2016 walifukia taa ardhini kando ya reli za tramu, ili aliyeinamisha kichwa aone nyekundu bila kukiinua. Sisi wa ughaibuni, tukipanda Uchagani Desemba, malalamiko ya aina hiyo dhidi ya simu tunayabeba pamoja na masanduku. Tukifika stendi ya Moshi tunatikisa kichwa: watu wa huku simu zimewamaliza, hawaangalii magari. Nadhani tunatumia kipimo cha nyumba moja kupimia nyumba nyingine.

Tuanze na Marekani. Taa za kule hupangwa kwa hesabu: mwongozo wa kitaifa humkadiria mvukaji futi 3.5 kwa sekunde, yaani kama mita 1.07. Barabara ya mita 14 atahitaji sekunde 13 hivi. Sasa aliyekuwa akisoma ujumbe akazinduka sekunde nne baada ya taa kumruhusu, kisha akatembea kivivu akitafuta herufi, muda unaweza kumwishia akiwa bado barabarani. Magari yanayotaka kukata kona yanamsubiri. Foleni inayotiririka hupitisha gari moja kila sekunde mbili hivi, kwa hiyo akiwachelewesha sekunde sita, magari matatu yatangoja zamu nyingine. Hasara ipo, lakini zaidi ni ya muda, kwani nyekundu bado imewazuia wengine. Mtu yule anaweza kuzubaa kwa sababu njia panda inamwangalilia.

Vivuko vingi vya Moshi havina taa, na kazi ya taa inafanywa na macho. Mama anayetoka Mbuyuni na mkungu wa ndizi kichwani anamtazama dereva wa Hiace. Dereva anausoma mguu alioutanguliza, anapunguza mwendo kidogo. Bodaboda anakisia hatua inayofuata na kupita nyuma yake. Yote huisha kwa nusu sekunde, na mara nyingi hakuna aliyesimama. Mvukaji akiinamia simu, mapatano hayo hayapo tena. Dereva hajui kama ameonwa, anakanyaga breki. Bajaji ya nyuma inachomoka pembeni. Honi zinaanza, na foleni inarudi hadi mzunguko wa Mnara wa Saa. Kwa hiyo nakubali: kuzubaa kwa Moshi kunagharimu zaidi kuliko kwa Marekani. Ila simu si mzubaishaji pekee. Njia ya miguu imemezwa na meza za mitumba na bodaboda zilizoegeshwa, mpiga debe anakuvuta mkono, na macho lazima yaangalie mtaro usije ukatumbukia. Nasi wageni wa Desemba tuna letu: tuliozoea magari ya upande wa kulia tunatazama kushoto kwanza, wakati gari la Moshi linatokea kulia.

Atakayesema tuige Honolulu ajiulize faini hiyo itamwangukia nani. Askari wa trafiki ni wachache, na rahisi kumkamata ni mwenye miguu, si mwenye injini. Marekani kwenyewe wengine wanalegeza: tangu Januari 2023 polisi wa California hawaruhusiwi kumsimamisha mtu kwa kuvuka nje ya kivuko isipokuwa kuna hatari ya wazi ya kugongwa. Tena kuna suala la mwendo wenyewe: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwendo wa gari ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa, hatari ya aliyegongwa kufa huongezeka mara 4.5. Simu huweza kuamua nani atagongwa. Mwendo ndio huamua kama atapona. Dar es Salaam shirika la Amend liliweka zebra, matuta na njia za miguu karibu na shule za msingi, pamoja na mafunzo kwa wanafunzi, na kiwango cha watoto kujeruhiwa barabarani kikapungua kwa asilimia 26.

Madereva watajibu kwamba matuta yanaua mwendo wa magari. Mjini kati sikubali: tuta linachukua sekunde zilezile kila mara na dereva analijua, ilhali breki ya ghafla inavuruga msururu mzima bila taarifa. Kwenye barabara kuu ya Arusha hadi Himo, yenye malori na mabasi, hoja yao ina uzito, na tuta kila hatua mia ni kero tupu. Pale ningejenga kisiwa katikati ya barabara. Mvukaji anashughulika na upande mmoja, anapumzika, kisha anageukia wa pili. Hata mgeni wa kutoka Maryland anapata nafasi ya kukumbuka gari linatoka wapi. Na mawingu yakifunguka ghafla kilele cha Kibo kikatokea, naye akashindwa kujizuia kutoa simu, akipige picha akiwa pale kisiwani, Hiace za Marangu zikiendelea kupita.