Chomoa Plagi Kwanza

Juma hili tuiweke kompyuta kando kidogo. Nataka tuzungumze habari ya friji, na mkisoma hadi mwisho mtaona hatukwenda mbali na kazi yetu ya programu.

Friji ya kwetu Mombasa ni ya ile aina inayounganishwa na bomba la maji na kujitengenezea barafu. Mwezi wa tatu ilianza kuvuja. Asubuhi trei ya barafu ilikuwa jiwe moja na sakafu imelowa. Fundi akaja, akatazama nyuma, akasema: "Mama, bodi imekufa." Bodi mpya ni Sh31,000, na friji ikae karakana wiki nzima. Sasa, mama yangu anatumia insulini, na chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Kwa joto lile la Mombasa, tungeziweka wapi? Nikamwomba fundi atupe siku mbili.

Programu ikileta matatizo, hatuanzi kwa kuiandika upya yote. Tunauliza kwanza: hitilafu iko upande gani? Hapa pande ni mbili. Bodi hutoa amri kwa kupeleka umeme. Valvu ya maji, ile iliyo chini nyuma ya friji, hupokea amri: hukaa imefungwa, na hufunguka pale tu inapopata umeme.

Basi nikachomoa plagi ukutani. Nikautoa mpira mwembamba unaopandisha maji kutoka kwenye valvu, nikakinga kikombe. Baada ya dakika kumi kikombe kilikuwa nusu! Bodi isiyo na umeme haiwezi kumwamuru mtu yeyote. Maji yakipita hali plagi iko mkononi, valvu yenyewe ndiyo imeshindwa kufunga.

Kwa nini ishindwe? Ndani yake mna koili, kifimbo cha chuma, springi, na kiwambo cha mpira chenye kitundu kidogo sana. Maji hupenya kitunduni, yakajaa juu ya kiwambo na kukikandamiza kifunge. Yaani maji yenyewe ndiyo yanayojifungia mlango. Kitundu kikizibwa na mchanga au magadi ya maji ya kisima, hakuna cha kukandamiza. Shinikizo likiwa dogo, hali ni hiyo hiyo. Friji nyingi za aina hii hutaka angalau baa 1.4, na tangi lililo mita 3 juu ya friji hutoa baa 0.3 tu. Ndiyo maana sisi tuna pampu.

Tatizo lenu likiwa kinyume, yaani maji hayaji kabisa, hakikisheni kwanza koki iko wazi na filta haijaziba. Kisha, plagi ikiwa nje, toeni nyaya za valvu na mpime koili kwa malitimita. Koili nzima ya volti 240 husoma omu elfu kadhaa. Isiposoma chochote, imekatika.

Kubadilisha ni kazi ndogo. Funga koki ya maji, fungua skrubu, piga picha nyaya na mipira kabla ya kuvitoa, kisha nenda na valvu ya zamani dukani. Linganisha idadi ya matundu, unene wa mipira na volti. Hili la volti msilipuuze: friji nyingine zimeletwa kutoka Marekani, na valvu zake ni za volti 120. Ukiunganisha hiyo kwenye umeme wetu wa 240, koili itaungua.

Yangu ilinigharimu Sh2,800, na filta ya mchanga niliyoitia kabla ya valvu Sh650. Wakati wa kazi friji ilikaa bila umeme dakika arobaini, mlango umefungwa. Kipimajoto kilichokaa kando ya insulini kilisoma nyuzi 6.

Fundi nilimpigia simu, nikamweleza jaribio la kikombe. Alicheka, akasema atalitumia. Nanyi litumieni kabla ya kulipia bodi ya mtu.

Juma lijalo tunarudi kwenye kompyuta, inshallah.