Gari Lililolala

Kilomita chache ni sifa ambayo wauzaji wa magari yaliyotumika huitanguliza hata kabla ya rangi. Nchini Ubelgiji sifa hiyo ina ushahidi. Sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Desemba 2006, humlazimu muuzaji kumkabidhi mnunuzi hati iitwayo Car-Pass, yenye kilomita zilizosomwa kila gari lilipofika kwa fundi au kwenye ukaguzi, pamoja na tarehe zake. Kwa mtu wa Afrika Mashariki aliyezoea kuitazama geji ya gari la mtumba kwa shaka, akijua kwamba tarakimu hurudishwa nyuma, hati hiyo ni neema. Kasoro iko katika namna inavyosomwa. Ina safu mbili, na mnunuzi mwenye hamu husoma moja tu. Akiona kilomita 61,000 hufurahi. Hatazami kwamba kati ya mstari mmoja na unaofuata imepita miaka 7 na gari limesogea kilomita 400.

Tuseme gari lenyewe ni Porsche 944, aina iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1991, nalo limetoka katika gereji ya nyumba huko Uccle ambako mwenyewe alizeeka nalo. Mnunuzi ni mzaliwa wa Lubumbashi au Nairobi, mwenye kazi ya kudumu Brussels, ambaye tangu utotoni alikuwa na picha ya gari kama hilo ukutani. Anadhani amepata gari lililopumzika. Gari halipumziki. Likiachwa huendelea kuchakaa kwa njia nyingine, polepole, mahali pasipoonekana.

Mkanda wa taimingi ndio mfano mkali kuliko yote. Ni wa mpira, na mpira huhesabu miaka kama unavyohesabu kilomita. Katika injini ya 944 mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na kilichokuwa matengenezo ya siku mbili hugeuka kuwa injini nzima. Wanaoyajua magari hayo huubadilisha kila baada ya miaka minne hivi, hata kama gari halikutoka uani. Mipira ya petroli hukakamaa na kupasuka nyufa juu ya injini yenye moto; hapo hatari si ya fedha tena. Na petroli yenyewe imebadilika: tangu 2017 ile ya oktani 95 inayouzwa Ubelgiji huchanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, kiowevu kinachovuta unyevu na kuila mipira ya zamani. Kwa gari la umri huo, afadhali kulipa zaidi kidogo kwa ile ya 98.

Mafuta ya breki nayo hunywa maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishalowa, kiwango hushuka hadi 155. Mjini Brussels, ambako tangu Januari 2021 mwendo wa kawaida ni kilomita 30 kwa saa, dereva aweza kupita msimu mzima asigundue lolote. Atagundua kwenye mteremko wa Ardennes, mguu ukizama hadi sakafuni. Matairi yana udanganyifu wao pia: kashata bado ni nene, ubavu unang'aa, lakini tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, kwa mfano 2309, husema yalitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2009.

Hapa fundi aliyejifunza kazi Gerezani au Grogan, hodari kweli kweli, aweza kupotea njia. Magari aliyoyajua hayakulala. Daladala huamshwa alfajiri na kuzimwa usiku. Kinachokufa ndani yake kimekufa kwa kazi, na sikio la fundi limefunzwa kusikia uchovu. Uozo wa utulivu hauna mlio. Labda mlinganisho ulio karibu zaidi ni ile nyumba ambayo wengi wa ughaibuni wameijenga nyumbani: bati jipya, vigae, geti, na hakuna anayelala humo. Baada ya miaka mitano mabomba yamekauka na mchwa wako darini, ilhali kibanda cha jirani chenye watoto wanane bado kimesimama.

Sheria za Brussels huongeza kitendawili. Eneo la hewa safi, lililoanza 2018 katika manispaa zote 19, huyafungia njia magari ya zamani yanayochafua. Lililotimiza miaka 30 na kusajiliwa kama gari la kale, kwa namba inayoanza na O, husamehewa. Lakini namba hiyo hairuhusu kwenda nalo kazini wala kuwapeleka watoto shule. Huachwa liishi kwa sharti la kutembea kidogo, jambo lile lile linaloliua.

Basi mwenye kulitunza hulazimika kubuni safari. Mwendo wa dakika kumi hadi dukani ni mbaya kuliko kutokwenda, kwa kuwa oili haipati joto la kuufukuza unyevu unaotokana na kuungua kwa petroli. Inambidi atoke Jumapili asubuhi, ashike E411 hadi Namur, kama kilomita 60, kisha arudi. Na oili aibadilishe kila mwaka hata kama bado inaonekana safi. Kila safari huongeza tarakimu kwenye geji, na kila tarakimu huipunguza bei aliyoilipa kwa sababu ya uchache wa tarakimu hizo. Wapo wanaoshindwa kulipa gharama hiyo. Hulifunika gari turubai, huchomeka chaja ya betri, na kumsubiri mnunuzi mwingine anayesoma safu moja.