Mchezaji ninayemtaka mezani kwangu

Wandugu, samahani kwa ukimya. Bunge likiwa mjini sisi waandishi wa Dodoma hatulali, na likiondoka tunalala mno. Leo siasa naiweka pembeni. Naandika juu ya mchezo, na juu ya kosa nililofanya mchezoni.

Kila Jumamosi jioni tunakutana watu watano chumbani kwangu, Nkuhungu, kucheza mchezo wa kusimulia. Kwa asiyeujua: kila mtu anachukua mhusika wake, mmoja anaongoza hadithi, na penye mashaka dadu inaamua. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, na michezo mingi ya aina hiyo ikafuata. Dadu yao maarufu ina pande 20. Sisi hatukuwa nayo, basi tukaandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kopo la Blue Band. Utakachovuta ndicho chako.

Mazimwi yao nayo tuliyaacha. Mimi ndiye mwongozaji, na nilichagua msafara wa karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora. Misafara hiyo ilipita hapa hapa kwetu. Ukitoka Mpwapwa unavuka Marenga Mkali, nyika kavu, unaingia Ugogo koo limekauka, na huko watemi wanakusubiri wakitaka hongo: vitambaa, shanga, waya. Stanley alipita mwaka 1871 akalipa, na malalamiko yake aliyaandika kitabuni.

Wachezaji wangu nitawaita kwa kazi zao. Wakili anajua kanuni zote na ana sauti kubwa. Ukweli ni kwamba nilimpenda kuliko wengine, maana alinirahisishia kazi. Kukiwa kimya, yeye anasema. Wengine wakisitasita, yeye kashaamua. Nesi alikuwa mpagazi. Jumamosi tatu mfululizo hakusema maneno kumi, nami nikajiambia huyu dada labda mchezo haujamkolea.

Jumamosi ya nne msafara ukafika Mvumi. Mimi nikawa mtemi, nikataja hongo kubwa. Wakili akataka tutoroke usiku. Wakabishana. Ghafla Nesi akauliza kwa sauti ndogo, "Mtemi, mwaka huu mvua ilinyesha kwenu?"

Jamani, swali hilo sikuwa nimelitegemea. Bibi yangu mzaa mama ni wa Mvumi, na jibu lilitoka kwenye masimulizi yake: "Haikunyesha. Maji haya vijana wangu wameyachimba kwa mikono kwenye mchanga wa korongo. Ninyi mko mia tatu. Mkinywa leo, ng'ombe wangu watakunywa nini kesho?"

Chumba kikatulia. Mimi mwenyewe, mjukuu wa Mvumi, nilikuwa nimemtengeneza mtemi kama mnyang'anyi, kama wasafiri walivyomwandika. Nesi akafungua mdomo aendelee. Wakili akamkata: "Hiyo haitusaidii, twende kwenye kopo." Nami nikasogeza kopo. Akavuta 17, tukatoroka, watu wakacheka.

Jumamosi iliyofuata Nesi hakuja. Iliyofuata tena hakuja. Nikampigia simu. Akaniambia taratibu, "Kaka, kwani mlikuwa mnanihitaji?"

Sikupata jibu la haraka. Wiki hiyo hiyo mhariri alikuwa amenirudishia habari ya kisima kibovu cha kijiji fulani. Sauti zote ndani yake zilikuwa za viongozi. Nilirudi kwenye kinasa sauti nikamsikiliza mama mmoja akiniuliza, "Na wewe mwandishi, umekunywa maji yetu?" Halafu nikajisikia mwenyewe nikimkatiza, namgeukia diwani. Diwani alikuwa anaongea vizuri, sentensi zake ziko tayari kwa gazeti... Nilikuwa nimesogeza kopo hata kule.

Kwa hiyo nimebadili vipimo vyangu. Kanuni mtu atajifunza kwa wiki mbili, na sauti kubwa haina uhaba nchi hii. Ninayemthamini sasa ni anayemuuliza mwenzake swali na kusubiri jibu. Ni anayeweza kuvuta 2, mhusika wake akaanguka mtoni na mzigo, naye akacheka na kuendelea kucheza. Ni anayekumbuka kwamba fulani hajasema tangu tuanze. Wazee wetu walilijua hili: fanani akisema paukwa hasogei mpaka asikie pakawa, na hadhira ikinyamaza hadithi imekufa. Ila kazi ya kusikia ile pakawa ya sauti ndogo ni ya fanani mwenyewe. Hapo ndipo nilipoangukia mimi.

Nilimwomba Nesi msamaha. Jumamosi iliyopita alikuja na karanga za kukaanga. Niliurudisha msafara Mvumi, mbele ya mtemi, kabla ya kopo. Wakili akalalamika kwamba kanuni haziruhusu kurudi nyuma, na ni kweli haziruhusu. Akatafuna karanga. Kimya kikawa kirefu, nami safari hii nikakiacha. Halafu ni yeye mwenyewe aliyemgeukia: "Dada, siku ile ulitaka kumwambia nini mtemi?"

Tulimaliza saa sita usiku, na hongo bado hatujakubaliana.

Haya wandugu, na wewe mezani kwako, nani hajasema?